Jinsi ya kutumia kitenzi “become” bila kubabaika

Chukua sentensi fupi: “Atakuwa daktari.” Anayeisema huenda anakisia tu kwamba yule mtu mwenye koti jeupe ni daktari. Huenda pia anazungumzia kijana aliye masomoni ambaye siku moja ataufikia udaktari. Kiswahili hakijali tofauti hiyo, kinaiachia muktadha. Kiingereza kinakulazimisha uchague: kwa maana ya kwanza utasema “he must be a doctor”, kwa ya pili “he will become a doctor”. Kuwa kitu ni jambo moja, kufikia kuwa kitu hicho ni jambo jingine, na “become” ni kitenzi cha hilo la pili.

Hatua mbili za kwanza hapa chini ni za umbo, si ngumu. Ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi, kwa sababu zinahusu namna Kiswahili chenyewe kinavyotupotosha. Usiziruke hata kama unajiona mzoefu.

Hatua ya 1: Shika maumbo yake

“Become” imejengwa juu ya “come”, kwa hiyo inabadilika kama “come”: “become”, “became”, “become”. Umbo la kwanza na la tatu ni lile lile. Kwa hiyo ni “she becomes”, “she became”, “she has become”, “she is becoming”. Neno “becomed” halipo.

Kosa sugu ni “has became”. Nimelisoma katika barua za watu wanaozungumza Kiingereza vizuri kabisa, na sababu yake inaeleweka: jambo limeshapita, na “became” ndilo umbo la wakati uliopita, basi sikio linaona yote sawa. Ukisita, weka “come” mahali pake. Hakuna anayesema “she has came”, basi hakuna “she has became”. Dawa hiyo hiyo inafaa kwa “overcome”.

Kuhusu matamshi, Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutufanya tukaze “bi”. Mkazo wa neno hili uko mwisho: bi-KAM, na wakati uliopita bi-KEIM.

Hatua ya 2: Tazama kinachokaa nyuma yake

“Become” ni kitenzi kishirikishi, jamaa ya “ni” na “kuwa”. Kazi yake ni kumuunganisha mtajwa na kile alichofikia. Nyuma yake kunakaa nomino (“she became a judge”) au kivumishi (“the road became slippery”), basi. Ukishika hilo, makosa kadhaa yanaanguka kwa mpigo mmoja.

Kielezi hakikai hapo. Si “he became angrily”, ni “he became angry”.

Kitenzi hakikai hapo. “Nikaja kumfahamu” si “I became to know him”. Sema “I came to know him” au “I got to know him”. Wala usirundike “become to be”, maana “become” tayari ina “kuwa” ndani yake.

Kihusishi “into” hakikai hapo. Husemi “the caterpillar became into a butterfly”. Ukitaka “into”, tumia “turn into” au “change into”. Ukishikilia “become”, iache peke yake: “the caterpillar became a butterfly”.

Shamirisho nalo halina nafasi. Jua likiifanya nguo iwe nyeupe, huwezi kusema “the sun became the cloth white”. Utasema “the sun turned the cloth white” au “made the cloth white”. Mabadiliko ya “become” humpata mtajwa mwenyewe, hayatoki kwake kwenda kwa mwingine. Na kwa kuwa hakuna shamirisho, hakuna hali ya kutendwa. “It was become” ni kosa. Ukikutana na “is become” katika maandishi ya karne za nyuma, jua ni namna ya zamani ya kusema “has become”. Isome, usiiige.

Halafu kuna “a” na “an”, vijineno ambavyo Kiswahili hakina na kwa hiyo tunavisahau. Mtu akiingia katika kundi la watu wengi, kijineno ni lazima: “she became a nurse”, si “she became nurse”. Cheo cha mtu mmoja tu kinaweza kukaa bila chochote: “Nelson Mandela became president in 1994”. Huo ndio upenyo pekee, usiutumie kwa manesi, marubani na wahasibu.

Hatua ya 3: Pima kwa “akawa”

Tuna kipimo kizuri ndani ya lugha yetu wenyewe, sijui kwa nini hakitumiki zaidi madarasani. Ni kiambishi “-ka-” cha masimulizi. “Alikuwa mwalimu” inaeleza hali: wakati ule, mtu huyu kazi yake ilikuwa ualimu. “Akawa mwalimu” inaeleza tukio: kabla ya hapo hakuwa, baada ya hapo ni mwalimu. Ya kwanza ni “was”, ya pili ni “became”.

Basi kabla ya kuandika Kiingereza, jaribu kuibadilisha sentensi yako iwe ya “akawa” au “ikawa”. Ikikubali bila maana kuharibika, “became” inafaa. Ikikataa, unahitaji “was” au “were”.

Tuone kwa historia. Elizabeth II wa Uingereza alirithi kiti Februari 1952, akavikwa taji Juni 1953, akatawala hadi kifo chake mwaka 2022. Kwa Kiingereza: “She became queen in 1952. She was queen for 70 years.” Ukigeuza, ukasema “she was queen in 1952”, sarufi iko sawa ila umepoteza habari kwamba huo ndio mwaka alioanza. Ukisema “she became queen for 70 years”, hapo umekosea kabisa, kwa sababu “become” ni kuvuka kizingiti, na kizingiti hakivukwi kwa miaka 70.

Kwa hiyo “become” haipendi “for” ya muda. “Amekuwa mwalimu kwa miaka kumi” ni “he has been a teacher for ten years”. Lakini “Hongera, amekuwa mwalimu!” ni “he has become a teacher”. Kiswahili ni kile kile, “amekuwa”, Kiingereza kinagawanyika. Ukiona muda unahesabiwa, nenda kwa “been”.

Majina ya nchi na vitu yanapobadilika, kipimo hiki hufanya kazi bila shida. “The Gold Coast became Ghana in 1957.” “In 2006 Pluto became a dwarf planet”, ingawa Pluto yenyewe haikugeuka chochote; ni wanaastronomia waliobadili namna ya kuipanga. “Become” haijali kama mabadiliko yako kwenye kitu au kwenye daftari la watu.

Neno moja zaidi kuhusu “kuja kuwa”. Tunasema “alikuja kuwa rais”, na wengi huandika “he came to become president”. Waandishi wa wasifu kwa Kiingereza hupenda “went on to become”: “Mandela trained as a lawyer and went on to become president.” Ikiwa huitaki hiyo, “later became” inatosha.

Na “kuwa na”? Hiyo usiipitishe kwenye “become” hata mara moja. “Amekuwa na gari” si “he has become with a car”. Ni “he has a car now”.

Hatua ya 4: Jihadhari na “-me-”

Hapa ndipo hata wanafunzi hodari hujikwaa. Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo mabadiliko yamo ndani yake tayari: kuchoka, kukasirika, kuzeeka, kulewa, kuiva, kunenepa, kulala. Kitenzi cha namna hii kikivaa “-me-”, mara nyingi hakielezi tukio, kinaeleza hali iliyopo sasa hivi. “Nimechoka” maana yake ni kwamba mimi hapa nina uchovu. “Amelala” maana yake yuko usingizini.

Mwanafunzi anaiona “-me-”, anakumbuka alifundishwa kwamba “-me-” ni “have”, anatafuta kitenzi cha mabadiliko, na anatoka na “I have become tired”. Msikilizaji atamwelewa, lakini atashangaa kidogo, kama kwamba amepewa taarifa rasmi ya uchovu. Kinachotakiwa ni “I am tired”. Vivyo hivyo “amekasirika” ni “she is angry”, “ndizi zimeiva” ni “the bananas are ripe”, “amelewa” ni “he is drunk”.

Ukibadili wakati, tafsiri nayo hubadilika:

“Nimechoka” ni “I am tired”.
“Nilichoka” ni “I got tired”, au “I was tired”, kutegemea kama unasimulia tukio au hali.
“Ninachoka” ni “I am getting tired”.
“Huwa nachoka haraka” ni “I get tired quickly”.

Angalia kwamba “become” haijatokea hata mara moja katika hiyo orodha. Si kwamba imekatazwa. “I became tired” ni Kiingereza sahihi na utakikuta kwenye maandishi. Ila katika mazungumzo, mabadiliko madogo ya mwili na moyo yana kitenzi chao, na hicho kinatupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Jiulize kama kuna kitenzi kinachofaa zaidi

“Become” ina uzito fulani. Inakaa vizuri katika ripoti, barua rasmi, historia na habari. Inapendwa na nomino, na inapendwa na vivumishi kama “clear”, “available”, “famous”, “aware”, “extinct”, “necessary”. Nje ya hapo, Kiingereza kina kundi zima la vitenzi vinavyogawana kazi hii, na kila kimoja kina tabia yake.

“Get” ndiyo ya kila siku: “get hungry”, “get cold”, “get better”, “get married”, “get lost”. “Nilipotea njiani” ni “I got lost”, si “I became lost”. Ila “get” haikubali nomino kwa maana hii. “She became a lawyer” maana yake yeye ndiye wakili. “She got a lawyer” maana yake amepata wakili wa kumtetea, pengine ana kesi. Usichezee hapo. Wajerumani wana mtego wao wa aina hiyo: katika lugha yao “bekommen” ni kupata, na wanaoanza Kiingereza huagiza vitu kwa “become” huku mhudumu akiwatazama.

“Go” huegemea upande wa kuharibika: “go bad”, “go sour”, “go blind”, “go deaf”, “go bald”, “go mad”, “go bankrupt”, “go wrong”. Si kila baya hukubali, lakini. Kuzeeka, kuchoka na kuugua haviendi na “go”. Ni “get old”, “get tired”, “fall ill”. Na siku hizi video iliyosambaa mtandaoni “has gone viral”, jambo ambalo mwenye video anaweza kulifurahia au kulijutia.

“Turn” ni ya rangi, ya hali ya hewa na ya umri. “The leaves turned yellow.” “The weather turned cold.” “She turned 40”, na hapa “she became 40” haisemeki. Waingereza husema pia “go red” kwa mtu aliyeona aibu. Wamarekani huelekea zaidi kwenye “turn red”. “Turn” ina mtindo wake wa kuchukua nomino bila kijineno chochote: Ronald Reagan alikuwa “an actor turned politician”, mwigizaji aliyegeuka mwanasiasa.

“Grow” ni ya polepole, na ina ladha ya kimaandishi: “grow old”, “grow dark”, “grow tired of waiting”. “Fall” ni ya ghafla au isiyo ya hiari: “fall asleep”, “fall silent”, “fall ill”. “Run” ni ya kupungua: “run dry”, “run short”, “run low”. “Come” ina orodha fupi, na ndani yake mmo usemi ambao karibu kila mtu huukosea: ndoto ikitimia, “it has come true”, kamwe si “it has become true”. Iliyobaki, kama “come loose” na “come undone”, ni ya skrubu na vifungo.

Vikundi hivi havina kanuni kamili. Jifunze kitenzi pamoja na kivumishi chake, jozi kwa jozi, na ukiandika jozi mpya kwenye daftari iandike ndani ya sentensi nzima.

Kabla ya kuondoka hapa, kumbuka pia kwamba Kiingereza kina vitenzi vya neno moja kama vyetu. Sisi tuna “-refu” na “kurefuka”, “-pana” na “kupanuka”, “imara” na “kuimarika”. Wao wana “long” na “lengthen”, “wide” na “widen”, “strong” na “strengthen”, na vingine visivyo na mkia huo, kama “improve” kwa kuboreka na “age” kwa kuzeeka. “The road widens after the bridge” ina nguvu kuliko “the road becomes wide after the bridge”. Katika uandishi, neno moja lililopo lina haki ya kutumika kwanza.

Na pale ambapo Kiswahili kina “kuzidi kuwa”, Kiingereza hupenda umbo la kulinganisha. “Maisha yanazidi kuwa magumu” ni “life is getting harder” au, kwa uzito zaidi, “life is becoming harder and harder”. “Life is becoming hard” haina kosa, ila ule msisitizo wa “kuzidi” umedondoka njiani.

Hatua ya 6: Zitambue maana mbili za pembeni

Ya kwanza ni “become of”. Huja karibu siku zote na “what” au “whatever”, na huuliza hatima: “What became of your old neighbour?” Yaani yule jirani wako wa zamani aliishia wapi, yalimpata yapi. “What will become of us?” ni “Tutakuwa wageni wa nani?” kwa mwenye kupenda kusema hivyo, au kwa wazi, nini kitatupata. Usijaribu kuijenga kwa namna nyingine. “He became of a rich man” haina maana yoyote.

Ya pili ni ya kupendeza au kustahili. “That colour becomes you” maana yake rangi hiyo inakukaa. Ni Kiingereza cha heshima, kidogo cha kizamani, na kutoka humo kumezaliwa kivumishi “becoming”, yaani chenye kupendeza, na kinyume chake “unbecoming”, kisichostahili. Jeshini, “conduct unbecoming” ni mwenendo usiomfaa ofisa. Huna haja ya kuzitumia wewe mwenyewe, lakini ukizikuta bila kuzijua utafikiri kuna mtu anageuka rangi.

Hatua ya 7: Jipime

Aya hii nimeipanga iwe na makosa kadhaa kati ya yaliyotajwa. Isome, isahihishe mwenyewe kwanza, kisha teremka.

“My brother is become pilot in 2015. He has became a pilot for many years now. Yesterday he became 40. He became asleep early because he was become tired. He says his dream has become true.”

Iliyonyooka ni hii: “My brother became a pilot in 2015. He has been a pilot for many years now. Yesterday he turned 40. He fell asleep early because he was tired. He says his dream has come true.”

Kati ya sehemu zote, “become” imebaki moja tu, ile ya kazi ya urubani, na hiyo ni kawaida. Anayeanza huitumia kila mahali. Ukiihariri kazi yako ukakuta imepungua, uko kwenye njia.

Sasa jaribu kutoka Kiswahili. Funika majibu kwa mkono.

“Maziwa yamechacha.” Ni “the milk has gone sour”. Kitu kimeharibika, kwa hiyo “go”.

“Lugha hii inazidi kuwa rahisi.” Ni “this language is getting easier”.

“Alikuja kuwa mwandishi mashuhuri.” Ni “she went on to become a famous writer”. Usisahau “a”.

“Imekuwa vigumu kwangu kupata kazi.” Ni “it has become difficult for me to find a job”. Mpangilio huu, “it”, kisha “become”, kivumishi, “for”, halafu “to”, unafaa kukaririwa jinsi ulivyo, kwa kuwa barua za kazi na malalamiko haziishi kuuhitaji.

“Ikawa wazi kwamba mlango ulikuwa wazi.” Ni “it became clear that the door was open”. “Ikawa” ni tukio, kwa hiyo “became”. “Ulikuwa” ni hali, kwa hiyo “was”.